Nusu ya Kidonge cha Mama

Mama yangu ni mfinyanzi wa Ikombe. Vidole vyake vilipovimba akashindwa kukanda udongo, alianza kusema yeye sasa ni mzigo tu. Nikampeleka Kyela mjini. Hospitalini walifyonza maji kwenye kiungo, wakayapima, wakasema ni jongo: vichembe vigumu kama chumvi vimejazana kwenye maungio na kuyachoma. Kulikuwa na utafiti wa dawa ya kutuliza uvimbe. Wagonjwa wengine wangepewa dawa mpya, wengine ya zamani, na hata daktari asingejua nani anameza ipi. Mama alielezwa yote, akaweka dole gumba.

Wiki tatu baadaye nilipanda mtumbwi kwenda kumwona. Vidole vilikuwa vilevile. Nikahesabu vidonge, hesabu ikawa sawa, hakuruka hata siku moja. Dawa imeshindwa, nikajiambia.

Mara akaingia jirani yake, yule wanayechoma naye vyungu, akichechemea. Akauliza kwa utulivu kabisa kama kidonge cha leo kimeshakatwa.

Nilifoka. Hasira zangu haziko mbali, kila mtu anajua. Mama alingoja nimalize.

"Tangu usichana wetu tunachomea vyungu moto mmoja," alisema. "Nikipata samaki, nusu yake. Akipata mchele, nusu yangu. Leo nimeze dawa peke yangu, nimtazame magoti yanavyomuuma?"

Niliogopa. Wakijua, watamtoa kwenye utafiti. Nikamshauri tunyamaze, aanze kumeza kidonge kizima kimyakimya. Naona aibu kuliandika hili.

"Unanifundisha uongo uzeeni?" akauliza.

Basi tukaenda Kyela wote watatu, na mama akasema mwenyewe. Daktari, binti mdogo kwangu, aliandika kila neno.

"Asante kwa kutuambia, mama. Tungedhani dawa haifai, na wengine wangeikosa."

"Ndaga fijo," mama akamshukuru, kana kwamba amesifiwa upishi.

Siku za nusu ziliandikwa kama zilivyokuwa, na baada ya wakubwa wa utafiti kushauriana, mama aliruhusiwa kuendelea na kidonge kizima. Jirani alipimwa naye. Magoti yake hayakuwa na jongo, yalikuwa yamechakaa kwa umri, akapewa dawa zake. Kwenye mtumbwi nilimwona mama akikikodolea macho kifurushi cha mwenzake.

"Hata usifikirie," nikamwambia. Walicheka mpaka tukafika.

Bado hatujui mama alimeza dawa ipi. Watatuambia utafiti ukiisha. Ninachojua ni kwamba mwezi uliofuata nilifika kwake asubuhi, nikamwamkia, akaitika bila kugeuka. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya chungu kibichi, vidole vikiusukuma udongo kwa nguvu. Nililia palepale mlangoni. Mama akaniambia nisogee, namzibia mwanga.