Njumu za Mjukuu wa Mzee Gozi

Mzee Gozi hauzi tena njumu, vile viatu vya mpira, anawatunzia watu zao walizoagiza. Duka ni lile lile, linalopakana na chumba changu cha cherehani, na mipira bado inaning'inia kwenye wavu, ila siku hizi anayeingia mle amefuata kifurushi chake kutoka ng'ambo.

Ilianza polepole. Watu walikuja, wakavua viatu, wakajaribu njumu zake, naye akapiga magoti na kubonyeza ncha kwa kidole gumba kuona kama vidole vina nafasi. Wakishajua namba yao wanasema, "Tutarudi, mzee," kisha wanaagiza nje. Eti za nje ndizo zenyewe. Mimi damu ilinichemka. Yeye aliwajibu, "Karibuni tena," kama vile hajui kitu, na alijua vizuri.

Wateja walipokatika, kampuni ya vifurushi ikamwomba awapokelee mizigo ya mji mzima. Nikamwambia, "Mzee, hawa ndio waliokumaliza, na bado unawafungulia mlango?"

"Waache waje, Mama Sindano," akasema. "Tangu mke wangu afariki, kuna siku naisikia sauti yangu nikikohoa tu."

Tangu hapo nikawa napita kumsalimu kila asubuhi.

Juzi kikaja kifurushi chenye jina la binti yake. Binti anaishi upande wa pili wa mji huu huu, lakini haonekani, ana shughuli. Amemwagizia mwanawe njumu. Babu mtu hakuwa hata na habari kwamba mjukuu anacheza mpira. Ningekuwa mimi ningenuna mwezi mzima. Mzee alifurahi.

"Mzigo unachukuliwa hapa hapa," aliniambia. "Watakuja, na mtoto atazijaribu mbele yangu."

Akafagia duka. Akafuta vumbi kigoda cha kujaribia viatu, akavaa shati nililomshonea, akanunua soda. Kila mlango ulipolia aliinuka.

Alasiri pikipiki ikasimama nje. Dereva hakuvua hata kofia yake ngumu. Akaonyesha ujumbe kwenye simu. "Mama mwenye mzigo kanituma, mzee. Nina haraka."

Mzee akakaa kwenye kigoda, boksi mapajani, akasoma namba iliyoandikwa ubavuni. "Thelathini na saba," akaniambia. "Mara ya mwisho kumvalisha viatu, alikuwa anavaa thelathini na moja."

Nikamwashiria dereva asubiri kidogo.

Akampa dereva boksi, lakini mkono wake haukuliachia mara moja. "Mwambie mama yake abonyeze hapa mbele. Kidole gumba kizame kidogo. Zikibana, amlete mtoto, nitambadilishia."

"Utabadilishaje, mzee? Hizi si zimetoka nje?"

"Ninazo zangu," akasema.

Pikipiki ikaondoka. Soda tukanywa sisi wawili, na ilikuwa imeshapoteza ubaridi wake.

Asubuhi yake nilipoingia kumsalimu nikakuta ameshusha jozi moja kutoka rafuni, thelathini na saba, ameipanga kando ya kigoda, kamba zimeshalegezwa. Nimerudi kwenye cherehani yangu, nashona nguo za watu, na Mungu anisamehe, naomba zile za ng'ambo zimbane mtoto wa watu.