Scola Aliyekalia Mtambo

Ukidhani utafiti wa ziwa ni kazi ya wasomi peke yao, basi hukumjua Scola wa Makanyagio. Alikuwa mpishi wa kituo chetu cha utafiti pale Karema, Mfipa wa kicheko kikubwa, na mimi dereva wa kituo nilimheshimu kuliko mabosi wangu.

Mwaka 1995 tulikuwa na wataalamu watatu wasiopikika chungu kimoja. Getrude alichunguza samaki. Malale, injinia wa Kisukuma, aliunda mtambo wa kupima mikondo vilindini mwa Tanganyika. Sylvanus alikokotoa mienendo ya maji kwa kompyuta, akabaki Mpanda mjini kwenye umeme. Mtambo wa kwanza ulikatika kamba ukapotea, wakalaumiana weee! Ulibaki mmoja. Huo nao ukipotea, kituo kinafungwa.

Siku ya kuuzamisha nilimleta Sylvanus ashuhudie. Hakumsalimu mtu. Malale alipoagiza mtambo upakiwe botini, Scola alitoka jikoni na mwiko wake, akaukalia.

"Mtani, nimeuteka! Nyie Wasukuma mmezoea kufunga ndama, na huu mtaufunga hivyo hivyo? Hauendi majini mpaka mkae wote watatu, mle sahani moja."

Wafipa na Wasukuma ni watani, na mtani akiteka kitu chako hukasiriki, unakikomboa. Malale akacheka shingo upande, wakaketi wote watatu kwenye ugali na samaki wa migebuka. Kununa huku mnachovya bakuli moja ni kazi ngumu. Getrude akasema wavuvi hupoteza nyavu pale pale mtambo wa kwanza ulipopotelea. Sylvanus akashtuka: hesabu zake zilionyesha kwamba kusi ikivuma, maji ya chini hurudi kinyume na ya juu. Malale akabaki na tonge mkononi. Kamba yake aliipimia mkondo mmoja tu. Scola hakuelewa hata nusu ya maneno yao, akawaongezea mchuzi.

Malale alibadili kamba na nanga. Mtambo ukakaa majini msimu mzima, ukarudi na vipimo vyote.

Malaria ilimchukua Scola mwaka 1998, na bado inaniuma. Tulipomzika, Malale alirukia kaburini akajilaza, kama watani wafanyavyo.

"Haingii huyu Mfipa! Haingii mpaka tukae wote watatu!"

Getrude na Sylvanus wakaja, wakaketi ukingoni kwenye udongo. Nikampa Malale mwiko wa marehemu uwe fidia. Aliupokea, akautazama, akapanda juu akilia. Utani ulikuwa umemshinda.