Watazamaji wa Kuazima

Dada yangu ni mtu wa kuchoka. Simsengenyi, hata mwenyewe anakubali. Akikaa kitini hushusha pumzi kama tairi lililotobolewa, na ukimuuliza hali anajibu, "Nipo tu." Ni katibu muhtasi wa idara ya sanaa katika chuo kikuu. Anachapa barua, anapokea simu, anawatafutia wahadhiri funguo ambazo wanazo mifukoni. Hiyo peke yake ingemtosha. Lakini kulikuwa na mhadhiri mmoja aliyeanzisha maonyesho madogo ya picha kwenye ukuta wa korido, ile inayotoka kwenye ngazi kuelekea ofisi ya mitihani. Alipohamia chuo kingine alimwachia dada nyundo, kopo la rangi nyeupe na maneno matamu. Tangu siku hiyo ukuta ukawa mzigo wake, na yeye akaitwa Mama Picha.

Kila mwezi picha hubadilika. Hapo ndipo utamhurumia. Za zamani zinashushwa, misumari inang'olewa, matundu yanazibwa, ukuta unapakwa rangi upya. Wanafunzi wanaosubiri matokeo hukaa sakafuni wakaegemeza vichwa, kwa hiyo chini kuna mstari wa mafuta ya nywele usiokubali kufunikwa na rangi ya aina yoyote. Dada hupanda juu ya stuli na magoti yake yale, anapima kwa rula, anatundika, anashuka, anarudi nyuma kuangalia kama fremu imeenda upande, anapanda tena. Mchoraji mwenyewe mara nyingi yuko pembeni anapiga simu. Na baada ya kazi yote hiyo watu wanapita tu, macho kwenye simu, roho zao tayari ziko ofisi ya mitihani.

Basi siku moja akaja kwangu, kwenye kibanda changu cha kushonea, akakaa juu ya lundo la vitambaa vya wateja bila kuomba ruhusa.

"Wanachukua ukuta," akasema.

"Nani?"

"Kamati ya majengo. Wanataka kuweka makabati. Mwenyekiti anasema hakuna anayeangalia picha zile. Atapita mwenyewe Jumatano asubuhi. Akikuta watu wamesimama wanaangalia, ukuta unabaki. Asipokuta, basi."

Nikamwambia ashukuru, apumzishe magoti. Si kila siku ananijazia masikio kwamba ukuta ule utamuua?

"Nimechoka nao," akasema. "Lakini ni wangu. Kila ninachochapa pale kinatiwa saini na mtu mwingine. Ule ukuta ndio kitu pekee ambacho mtu akiuliza nani kafanya, wanasema Mama Picha." Kisha akaanza kulia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona dada analia kwa ajili ya kazi. Nilisimamisha cherehani.

Wazo la kuazima watazamaji lilikuwa langu, na silikatai mpaka leo. Nilimwambia, "Kama watu wa chuo hawaangalii, tutaleta wa kwetu." Tukampata mume wake, yaani shemeji yangu, mwalimu wa hesabu ambaye hajawahi kuangalia picha isiyo na pembe tatu. Tukanipata mimi. Tukamwomba na Shangazi, dada wa marehemu baba yetu, ambaye tangu afiwe na mumewe alikuwa hatoki sana na tukaona atapata kunyoosha miguu.

Jumatano hiyo tulifika mapema tukiwa tumevaa kama watu wa harusi. Shemeji akafunga mikono mgongoni, akawa anatembea kutoka fremu moja hadi nyingine akikunja uso kama anasahihisha mtihani. Nilimnong'oneza, "Shemeji, tabasamu kidogo, hizi hazifeli." Akanitolea macho. Dada alikuwa mlangoni pa ofisi yake, roho mkononi, akichungulia ngazi.

Picha za mwezi ule zilikuwa zimechorwa kwa mkaa, kazi ya mwanafunzi mmoja aliyechora shughuli za ndani ya nyumba: mtu anakamua nguo, mtu anatandika kitanda, mtu analisha mtoto anayekataa. Sikuona cha ajabu. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani nguo nilizoacha bila vifungo. Niligeuka kumtafuta Shangazi, nikamkuta ameganda mbele ya picha ya karibu na mwisho.

Ilikuwa picha ya mwanamke anamuogesha mwanamume mgonjwa. Mwanamume amekaa kwenye stuli ndogo, ametugeuzia mgongo. Mwanamke amempitisha mkono chini ya kwapa, mkono mwingine una kitambaa, na shavu lake ameligandamiza kwenye mgongo wa yule mgonjwa.

"Ona shavu," Shangazi akasema.

"Anambembeleza," nikasema.

"Anambembeleza nini! Mikono ikichoka, unamzuia kwa shavu asianguke. Nani alimwambia huyu mchoraji? Mimi hili sikumwambia mtu."

Akaweka mkoba chini, katikati ya njia. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Msichana mmoja aliyekuwa akikimbilia ofisi ya mitihani akasimama.

"Bibi, unamjua huyu?"

"Namjua," Shangazi akasema. "Ni mimi." Akaanza kueleza jinsi maji yanavyotakiwa yawe, na jinsi mtu mzima anavyoona aibu kuogeshwa mpaka anakuwa mkali, anakutukana, kisha anakuomba msamaha huku sabuni bado iko machoni. Msichana akasema mama yake naye alimuuguza bibi hivyo hivyo. Mwingine akasimama kusikiliza. Wakaja wawili, wakaja watano, wenye mafaili, wenye haraka, wakajazana mpaka kwenye ngazi. Hata shemeji aliacha kusahihisha, akasogea akaangalia kweli. Nilimtupia jicho dada kule mlangoni. Uso wake ulikuwa umefunguka hivi kwamba nikasahau jinsi magoti yanavyomtesa.

Mwenyekiti alifika katikati ya hayo. Mtu mnene kidogo, mpole, ana mafaili kwapani. "Samahani, naomba njia," akasema. Hakuna aliyesogea. Akasema tena. Mwishowe ikabidi apite kwa kujibana ukutani, ubavu kwa ubavu, akatokea upande wa pili koti lake likiwa limechafuka rangi nyeupe ambayo dada aliipaka jana yake.

"Nimeona, Mama," akamwambia dada, huku akijikung'uta. "Watu wapo, na wanaangalia. Siwezi kusema uongo."

Dada akashika kifua.

"Lakini hii ndiyo njia ya kutokea moto ukiwaka. Watu wakisimama namna hii, siku ya balaa tutawaokota hapa. Nilidhani shida ni kwamba hawasimami. Kumbe wakisimama ndiyo hatari zaidi. Hata makabati hatuweki tena. Ukuta ubaki mtupu."

"Kwa hiyo wasiposimama ni kosa, wakisimama ni kosa?" Hiyo ilikuwa sauti yangu.

"Dada, si mimi niliyetunga kanuni," akaniambia, na nadhani aliona haya kweli. "Kesho mafundi watakuja kung'oa misumari yote."

Sijapata kuona mtu akichoka kama dada alivyochoka siku ile. Hakulia. Alirudi ofisini, akapokea simu iliyokuwa inalia, akasema, "Idara ya sanaa, habari," kwa sauti ile ile ya kila siku.

Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda kumsaidia kushusha. Tulimkuta Shangazi keshafika, hakuna aliyemwita. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya dada mbele ya picha yake. Tukaanza na nyingine. Mimi nashika, dada anang'oa, tunaegemeza chini. Korido ilikuwa kimya, wanafunzi walikuwa madarasani. Ikabaki moja.

"Hii uliitundika wewe?" Shangazi akauliza.

"Nimeitundika mimi, Shangazi. Zote natundika mimi."

"Ulipoiona ulifikiri nini?"

"Nilipima isiende upande. Nikaangalia kama kioo kina vumbi." Dada akashusha pumzi. "Ulikuwa unamuogesha peke yako?"

"Na nani tena?"

"Mbona hukusema? Tulikuwa tunakuja."

"Mlikuja sana, mwanangu, siwalaumu. Mlikaa sebuleni, mkauliza mgonjwa anaendeleaje, nikawaambia anaendelea vizuri." Akasimama, akachukua mkoba wake, akampisha dada apate kufikia msumari.

Dada hakuugusa msumari. Aliweka nyundo chini.

Mafundi wawili wakapanda ngazi na nyenzo zao za kung'olea, wanafanya mizaha. "Mama, tupishe tufanye kazi," akasema mmoja.

"Subirini kidogo. Kuna mtu anaangalia."

Fundi akamtazama Shangazi aliyekuwa tayari ameelekea kwenye ngazi. "Bibi, hujamaliza?"

"Mimi nimemaliza."

"Sasa nani anaangalia?"

"Mimi," dada akasema, bila kugeuka.