Kamio tuliyoificha vipande vipande, na namna ilipata tena nguvu ya kupanda Fizi

Wakuu wa humu, jambo kwenu bote.

Nimesoma hapa kijana moja anauliza kwa nini gari yake inakosa nguvu ku mulima, na bengi bamemujibu anunue pompi mupya ya mazuti, ile dizeli.

Mi siko mekanisie. Niko tate tu, mama muzee, nilisoma paka mwaka wa tatu wa primaire, nakaa hapa Baraka, chini kando ya ziwa. Lakini mambo ya nguvu ya gari niliyaona na macho yangu, na sitaongeza neno.

Bwana yangu Asukulu alikuwa na kamio. Lori, kama bengine munaita. Mbele aliandika TUTAFIKA na rangi nyekundu. Ilikuwa inashusha mihogo na karanga ya bantu wa Fizi na Kilembwe, kule juu ku mulima, inapandisha chumvi na samaki.

Vita ilipokaribia tukajua kamio nzima itachukuliwa na askari siku ya kwanza. Asukulu akaifungua yote, na kila kipande akakipeleka kwa muntu akifiche.

Kabla tuvuke ziwa kukimbilia Tanzania, akaniambia, "Mama Furaha, karatasi hapana. Bakikamata karatasi, hawa bantu bote bamekufa. Chunga majina mu kichwa."

"Na we?"

"Mi nasahau hata siku ya ndoa yetu."

Ilikuwa kweli, alikuwa anaisahau.

Basi huko kambi nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, pamoja na majina. Pum, Hamisi. Pum, Mama Apendeki. Bamama wenzangu balifikiri nasali rozari.

Vita ilipolegea kidogo tukarudi. Nyumba ilikuwa kuta tu. Nikapita kwa kila muntu na jina lake, na hapa wakuu mi bado nashangaa: kila kipande kilirudi. Hakuna aliyeuza hata bulo moja ya kukaza chuma. Na njaa balikuwa nayo.

Etabo, mekanisie wetu wa tangu zamani, akaunga kamio juma mbili. Ikawaka. Batoto bakakimbia kujificha, juu hawakuwa bameona gari isiyo ya askari.

Tukaanza kupanda Fizi. Huko juu bantu balikuwa bamevuna, mihogo inaharibikia mu magunia. Huku chini, bantu bananunua kikombe cha unga kama dawa. Bote balikuwa banangoja hii kamio moja.

Nusu ya mulima, TUTAFIKA ikatoa moshi mweusi, ikalia, ikasimama. Tena haikuwa na mizigo, chumvi kidogo tu.

Tukasukuma. Moshi tu.

Muzee moja alikuwa anasukuma kinga yake, baisikeli, yenye vibidoni vya mawese. Akasimama, akasoma pale mbele, akasema pole pole, "Tutafika. Haikuandika mwaka gani."

Hata Asukulu alicheka. Lakini kidogo.

Tukageuza. Etabo akafungua filtiri ya hewa: safi. Akaangalia mazuti: alikuwa ameichuja yeye mwenyewe na kitambaa. Akapangusa mikono.

"Papa Asukulu, pompi imekufa. Na mupya haipatikani huku."

Sasa kulikuwa na mununuzi wa vyuma anazunguka Baraka, anakata gari zilizokufa. Asukulu akasema Siku ya Mungu, akitoka misa, atamupa jibu. Ile jioni hakugusa bugali.

Mi nikawaza hivi. Kamio ilienda kufichwa na nguvu, imerudi bila nguvu. Katikati ilikuwa mu mikono ya bantu. Basi niulize bantu.

Sikuuliza "ulikiharibu?" Muntu aliyekuchungia kitu na roho yake haumuulizi vile. Niliuliza, "Ulikitunza namna gani?"

Hamisi wa Ubwari, muvuvi, alipeleka mapira ya magurudumu na pirogi, mutumbwi wake, akayafunika na nyavu. Bibi yake alikuwa anaanikia ndagala, tusamaki tudogo, juu yao. Mapira hayana neno.

Mama Apendeki alifunika tanki ya mazuti na majani, hakuweka hata maji ndani.

Byaombe, katekista, alizamisha pompi mu ndoo ya mawese, juu ya kuogopa kutu. Etabo alikuwa ameiosha. Nikasema pengine ubovu njo hapa, lakini roho haikukubali.

Nikafika kwa Mama Sifa, mujane. Yeye alizika mu shamba lake la mihogo ile bomba ndefu inayosimama pembeni ya kabini na kuvuta hewa. Nani anafikiria bomba? Ni bomba tu.

"Ile? Niliitunza kama mutoto," akasema. "Panya haikuingia hata moja."

"Ulifanya nini, Mama Sifa?"

"Niliziba."

"Na ulizibua?"

"Ya juu, ndiyo. Nilitoa majani."

"Na ya chini?"

Akakaa chini, palepale ku mulango. "Mama Furaha," akasema, "nusu ya kitenge changu cha ndoa. Miaka yote nasema nilikiangusha siku ya kukimbia."

Tukaenda na Mama Sifa kwa Etabo, hakuamini. Akafungua bomba, akaingiza waya uliopindwa, akavuta. Kitambaa kikatoka kirefu, cheusi, kimekazwa ku kona. Halafu Mama Sifa akasema, "Nipe kitenge changu," na tukacheka paka machozi.

Ile Siku ya Mungu mununuzi wa vyuma alikuja, akakuta tumeshaondoka.

TUTAFIKA ilipanda Fizi bila kusimama. Mama Sifa alikaa mu kabini, kitenge kimefuliwa, kiko ku magoti. Asukulu alipiga honi paka nikamwambia atamaliza batri. Tulishuka na mihogo paka juu ya kabini.

Kijana uliyeuliza, sikiliza. Moshi mweusi ku mulima ni gari inayokula bila kupumua. Kabla ya kununua pompi, fuata njia ya hewa yote, tangu mudomo paka mwisho, hata pale penye "ni bomba tu". Na umuulize muntu wa mwisho aliyeigusa. Umuulize vizuri, pengine aliitunza kupita kiasi.

Wenye kujua magari, munikosoe. Na wewe mwenye gari yako ilipoteza nguvu halafu ikairudisha, andika hapa, nasoma yote.

Sikuandikaka haya majina mahali popote. Leo karatasi haiui muntu, acha niyaandike.

Hamisi, mapira. Apendeki, tanki. Byaombe, pompi. Wilondja, batri. Nyassa na ndugu yake Lubunga, motere, injini yenyewe, baliibeba na miti bantu nane. Riziki, viti. Sifa, bomba.