Jogoo Akipukutika, Mtazame Miguu

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Niliamka Mtoni, nyumbani kwa mume wangu, mie bi harusi, hina bado haijafutika mikononi, nikafungua mlango wa uani nikakuta nyoya linaelea. Halidondoki, linaelea tu, kama linatafuta pa kukaa. Likafuata lingine jekundu, kisha jeusi linalong'aa kijani. Ua wote kimya, jua halijapanda. Nikadhani bado nimelala, mpaka nilipomwona Hakimu.

Hakimu alikuwa jogoo wangu. Bibi yangu wa Kinondoni ndiye aliyenipa siku naolewa, anisaidie kuzoea ugeni. Usicheke, jogoo yule akiwika Mtoni wanaamka mpaka watu wa Chamazi. Wenye saa walikuwa wanamsikiliza kwanza yeye ndo wanarekebisha saa zao. Tulipofika, mume wangu akamfunga kitambaa cha kanga mguuni, akamshikiza kwenye nguzo ya jiko, kama tunavyomfanyaga kuku mgeni yeyote ili azoee asirudi alikotoka. Na mie mgeni mwenzake nilikuwa na kamba yangu, ila haionekani. Mama mkwe alisema nisikanyage kwetu, hata kusalimia, mpaka niizoee nyumba.

Sasa asubuhi ile Hakimu yuko uchi! Shingo nyekundu kama mzee aliyetoka kuoga, mkia umebaki nyoya moja nalo linaaga. Yaliyodondoka yangejaza magodoro ya Temeke nzima na mito juu. Na hawiki. Mtaa ulilala mpaka jua likachoka kuwasubiri.

Mama mkwe akatoka, akashika kiuno.

"Kideri hicho! Kitanimalizia kuku wangu wote. Kesho anaingia sufuriani."

"Mama, labda anabadilisha manyoya tu."

"Anabadilisha, anakwenda harusini? Na huko kuchechemea je?"

Kweli alikuwa anachechemea. Nikakaa naye pale jikoni. Ndo kitu pekee cha kwetu nilichokuwa nacho kwenye nyumba ile, na kesho kinaliwa. Mume wangu akaniona navyolia, akatoka kimyakimya kwenda kumwita bibi, mamake hana habari. Mie usingizi ukanipitia. Nikaota mie na Hakimu tunaruka juu ya mabati, tunaifuata barabara ya Kilwa mpaka mjini, tunaelekea Kinondoni, manyoya yanatupukutika njia nzima na watu chini wanayadaka kwa vikapu.

Kushtuka, bibi kasimama mbele yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Futa kamasi, yuko wapi mgonjwa?"

Hakuyatazama manyoya hata kidogo. Alimwaga pumba kiganjani, Hakimu akala, akataka na kiganja.

"Mkwe," akamwambia mama mkwe, "wa kideri anakula hivi? Wa kideri anazubaa, shingo inapinda, anaharisha kijani. Huyu angepewa meza na kiti angeagiza na soda."

Kisha akampakata, akainua mguu. Jamani! Kile kitambaa kilikuwa kimezama kwenye nyama. Mguu umevimba, magamba yamesimama, katikati yake ukoko mweupe kama chokaa.

"Kamba hii nani kaiacha mpaka leo?"

Mume wangu alikuwa anatazama bati kama analiona kwa mara ya kwanza.

"Kamba ya mgeni inafunguliwa," bibi akasema. "Huyu keshazoea zamani, anajua mpaka nani anakoroma mtaani. Nyie mmekazana na manyoya. Manyoya yana majira yake, yataota yenyewe. Mguu ndo uliokuwa unawaita."

Akakikata kile kitambaa kwa wembe, taratibu, kama anamnyoa mtoto mchanga. Akaniagiza nimwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nisugue polepole kwa mswaki mkuukuu, nisibandue magamba kwa kucha, halafu nipake mafuta ya nazi yaingie chini ya magamba, maana kuna vidudu vinajificha humo wala huvioni. Kila siku, na banda lifagiliwe. Zile mbegu za manyoya zinazochomoza kama miiba nisiziguse, zina damu ndani na zinauma.

Asubuhi yake mama mkwe alikuja na dagaa kwenye kiganja. "Mpe huyo uchi wako," akasema, akaondoka haraka nisimwone anavyocheka.

Mguu ukapona, manyoya yakarudi. Alfajiri moja Hakimu akapanda ukutani, mkia mpya umeinama kama mnazi, akawika mpaka sufuria zikaitikia. Mama mkwe akasimama pembeni yangu. Tukamtazama muda mrefu. Ukuta mfupi, geti wazi, na yeye akashuka upande wetu.

"Kamba hana, na hajaondoka," alisema, kama anaongea na ukuta. Halafu akanigeukia. "Vaa, kasalimie kwenu."

Nilikwenda, mwanangu. Na jua halijazama nikawa nimerudi, mwenyewe, mbio, nimembebea mama mkwe na embe.

Sasa wewe umeniambia jogoo wako anapukutika, na nasikia mkaa umeshauwasha. Uzime. Mtupie chakula kwanza. Akigoma kula, akazubaa, mtenge na wenzake umwite bwana mifugo. Akila, muache na uchi wake, muongezee dagaa, halafu mpakate umtazame miguu. Kama kuna kamba, fungua leo. Na huyo mkeo uliyemleta juzi, unayelalamika kwamba siku hizi hacheki, kabla hujamsema kaa naye, umuulize anabanwa wapi. Yanayoota yenyewe yape muda. Yanayobana yanataka mkono wako.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kufungua, akujalie nyumba ambayo mlango uko wazi na watu hawataki kutoka. Amina, mwanangu. Haya, nenda kauzime huo mkaa.