Maharagi ya Nyanya mu Klasi ya Tatu

Juzi nilipita mu mutaa ya Bulengera, nikasikia mama moja anamenya maharagi mabichi pa mulango: tak, tak, mu sufuria. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Ngoja nikuambie sababu, rafiki yangu.

Mu utoto wangu maneno ilikuwaka inanichelewa. Kitu ya kusema nilikijua, mais ilipanda polepole kama chukudu, ile kinga ya mbao, yenye mizigo mu matope. Kabla ifike, mwengine ameshajibu. Batoto ya masomo baliniitaka "radio bila pile", ni kusema bila betri. Mu klasi ya tatu, Mwalimu akiuliza, nilikuwa nanyamaza tu. Donc jirani akamuambia mama: "Huyu mupeleke kwa mujomba yake, kule Mabalako, akalime kakao. Kakao haiulizake mutu Kifaransa!" Balicheka, mais mangaribi mama akaanza kukunja nguo zangu. Na mimi nilipenda masomo, hata harufu ya chaki.

Jumamosi, siku ya posho, Mwalimu akafika kwetu kuuliza kama ni kweli naacha masomo. Alitukuta inje na nyanya, mama ya mama yangu, tunamenya maharagi. Nyanya hakunimaliziaka maneno hata siku moja. Vidole vilitumika, macho ilibaki kwangu, kama vile hatuna pa kwenda. Nikasema: "Nyanya... hii... iko na mududu. Tu... tutupe?"

"Kumbe anasemaka!" Mwalimu akashangaa.

"Anasemaka, Mwalimu," nyanya akajibu. "Ikala chini, umenye na weye, utasikia."

Akaikala, na kravati yake. Masomo ilipoanza tena, alikuja na kitunga ya maharagi mu klasi. Tukamenya bote, sheria moja tu: hapana kumumalizia mwenzako maneno. Nikaeleza namna tunapika maharagi kwetu, tangu kuwasha moto. Kengele ya rekreasyon, ya kutoka kucheza, ikalia. Nikaogopa batatoka. Mais yule aliyenipa jina ya radio akasema: "Mumungoje kwanza, hajatia chumvi!"

Mama akarudisha nguo mu sanduku.

Leo nyanya hayuko tena, na pa lupango yake, pale nyumba yake ilikuwa, bamejenga butiki ya kuchaji telefone. Batu banasema mbiombio, kama pikipiki. Mimi naota kufungua kashule kadogo, kitunga ikae pa mulango.

Yule mama wa Bulengera akaniangalia: "Dada, unatafuta nani?"

Neno ikachelewa, kama zamani. Hakunimalizia. Aliendelea kumenya, tak, tak, mpaka ikafika.