Mstari Nilioupiga kwa Rula

Kuna siku moja ya likizo ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asinisikie.

Nilikuwa nimerudi kisiwani kwetu, Nosy Be, kutoka Ufaransa. Mimi, mchukuzi wa bandari ya Mahajanga, nilisoma madarasa ya jioni mpaka hata mbu wa darasani wakajua aljebra, kisha nikapata nafasi ya kwenda kuchunguza fuwele. Fuwele ni kijiwe ambacho chembe zake zimejipanga safu kwa safu, kama watu kwenye swala. Yangu, ikipozwa mno, ilipitisha umeme bila kizuizi chochote. Ila kabla ya kufika hapo, walimu walishuku kwamba safu zake hujisogeza na umbo likageuka. Kazi yangu ilikuwa kuunasa mgeuko huo. Naiweka ndani ya sumaku kubwa kama nyumba ya kadhi, naipigia mawimbi ya redio, chembe zinaitika, na mwitiko wao unasema zimekaaje.

Nami, kwa uvivu, nilipima kwa hatua kubwa kubwa za baridi. Penye mapengo ya grafu nikapiga mstari kwa rula, nikazisoma namba kwenye mstari na kuziandika kana kwamba nimezipima.

Huko kijijini Marodoka nikamwonyesha daftari mjomba wangu, aliyezeekea kwenye mtambo wa kukeneka kwa mvuke mafuta ya maua ya mlangilangi. Fizikia hakuijua. Aliutazama mwandiko.

"Hizi umeandika mkono ukitetemeka kwa baridi," akasema kwa Kikomoro chake. "Hizi umeandika umekaa kitako. Ulikuwepo?"

"Mjomba, hapo hapana kitu. Si unaona mstari umenyooka?"

"Nimekuuliza kama ulikuwepo."

Nikalifunga daftari. Akalifungua tena.

"Mafuta yanayotoka kwanza yana chupa yake, ya pili yana yake. Nikienda kunywa chai, yanabadilika bila kuniaga. Basi nami nijaze chupa kwa rula, msomi?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niliporudi Ufaransa nikamwambia profesa aliyenisimamia kila kitu. Akaiva kama pilipili, akasema heliamu ya kupozea imebaki ya jaribio moja tu. Nikikosea, nirudi kwetu bila cheti.

Nilikaa kwenye ile mashine siku tatu, ndevu zikanifika kifuani. Nilishusha joto kidogo kidogo, kila hatua nikipima. Na pale pale palipokuwa na mstari wangu ulionyooka, mwitiko mmoja ukapasuka ukawa miwili. Safu zilikuwa zimesogea. Nilichotumwa kukitafuta ndicho nilichokifunika kwa rula. Cheti nilikipata, kwa kuchelewa, na profesa hakunisifu hata kwa kope.

Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usichokiona usikiandike, pengo liandike kuwa ni pengo, kisha rudi ukalipime. Ukikosea, sema mapema mbele ya mwenye haki ya kukukaripia, ukaanze upya hata kama imebaki nafasi moja.

Mungu akujaze subira, akupe afya, na kazi ya mikono yako isikuaibishe popote itakapofunguliwa. Amin.